Kuzunguka Ukerewe kwa gari binafsi siku nne: mpango wangu huu hapa, naombeni mnisahihishe

Mkazi wa Nyakato (mtoa uzi)

Wakuu, heshima yenu.

Shule zikifungwa mwezi wa sita nataka kuipeleka familia Ukerewe kwa gari letu, Noah, siku nne. Tutakuwa sita: mimi, mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 74. Kazaliwa Murutunguru, akaolewa huku Mwanza, na mara ya mwisho kukanyaga kwao ilikuwa msiba wa kaka yake, miaka kumi na moja iliyopita. Safari hii ni yake kwanza, sisi wengine tunamsindikiza.

Nauliza mapema kwa sababu nilishakosea. Miaka mitatu nyuma nilikwenda na rafiki zangu wawili kwa kukurupuka. Tulitoka Mwanza saa tano asubuhi, tukala nyama Lamadi, tukapiga stori Bunda, tukaingia Kisorya, panapovukiwa kwenda kisiwani, saa moja kasoro jioni. Pantoni limeshavuka. Tulilala ndani ya gari na mbu hawakutuacha mpaka alfajiri. Kulipokucha tukavuka, tukafika Nansio, tukala samaki, tukanunua machungwa, tukageuza haraka tusije tukakosa pantoni la jioni. Kufika nyumbani mama akaniuliza: "Bukindo umepita? Kagunguli je? Ziwa la upande wa Rubya umeliona?" Sikuwa na jibu hata moja. Nilichokiona ni Nansio tu.

Kwa asiyekijua kisiwa chenyewe: ndicho kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, kilomita za mraba kama 530. Wilaya nzima ina visiwa 38, na kati ya hivyo 15 ndivyo vyenye wakazi wa kudumu. Vilivyobaki ni kambi za wavuvi, watu wanahamia na kuhama wakifuata samaki. Huwezi kukimaliza kati ya pantoni la asubuhi na la jioni, na ukijaribu unarudi kama nilivyorudi mimi.

Kwa hiyo safari hii nimeanza kupanga kwenye pantoni, ndipo nikarudi nyuma mpaka saa ya kuamka. Nataka niwe Kisorya kabla ya saa nne asubuhi. Maana yake Bunda nipite kabla ya saa mbili na nusu, na nyumbani Nyakato niondoke saa kumi na moja alfajiri, watoto wamelala bado. Siku ya kwanza tunavuka Kisorya kwenda Rugezi, tunaingia Nansio, tunapumzika. Siku ya pili Bukindo, Kagunguli, tunalala Murutunguru kwa ndugu wa mama. Siku ya tatu Bugolora asubuhi, mchana Rubya msituni na ufukweni. Siku ya nne kurudi.

Naomba wenyeji mniambie wapi nimebana na wapi nimelegeza. Na je, Noah itapita?

---

Kunguru wa Kirumba

Mkuu, mbona unazunguka mbali hivyo? Mwanza mpaka Kisorya kwa barabara ni kilomita mia mbili na ushee, wakati Nansio ukiangalia kutoka bandarini ni kama kilomita 45 tu majini. Kuna meli zinazopakia magari. Unapandisha Noah yako, unakaa saa tatu au tatu na nusu, umeshuka Nansio, mama hajachoka.

---

Mkazi wa Nyakato

Kaka, umesema kweli, na kwa mtu mwingine ningemshauri hivyo hivyo. Ila mama hapandi meli. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama, jirani yake waliyekuwa wakiuza naye vitenge sokoni alikuwemo. Walikwenda kumsubiri bandarini asubuhi ile na hakushuka. Tangu siku hiyo mama anasema maji ambayo haoni ng'ambo yake hayapandi. Pantoni la Kisorya anakubali kwa kuwa Rugezi anaiona akiwa huku huku. Sitaki kumlazimisha, ndiyo maana nazunguka.

---

Dereva wa Lake Zone

Mkuu, hiyo barabara nimeiendesha miaka kumi na minne, kwanza fuso, sasa basi dogo. Nisikilize.

Saa kumi na moja alfajiri ni saa nzuri, ila kuwa na adabu mpaka kupambazuke. Kisesa mpaka Magu kuna baiskeli zisizo na taa. Mtu anabeba mkaa au magunia, huoni chochote mpaka umeshamfikia mgongoni. Kukipambazuka wanaingia ng'ombe. Ng'ombe wa Msukuma wakiwa wanavuka usipige honi, simama. Ndama akibaki upande wa huku, mama yake atarudi kumfuata, na atarudi mbele ya bampa lako.

Kila kijiji mwendo ni 50. Usiseme hakuna mtu. Tochi ya trafiki ya kupimia mwendo inakaa chini ya mwembe. Ukivuka mto Simiyu, endelea mpaka Lamadi. Pale ndipo njia ya Bariadi inapochepuka, na mbele yake kidogo kuna geti la Ndabaka la Serengeti. Waamshe watoto hapo. Hifadhi inashuka mpaka karibu na ziwa, na mkibahatika mtaona pundamilia na nyumbu mkiwa juu ya lami, bila kulipa kiingilio. Usishuke garini, na nyani usiwape chakula.

Bunda jaza tangi. Sheli zipo Nansio pia, lakini gari lenye watoto na mzee huliendeshi kwa kukisia. Bunda mjini unakata kushoto kwenda Bulamba, Kibara, Kisorya. Zamani kipande cha Bulamba kwenda Kisorya, kilomita 51, kilikuwa kinavunja springi na mgongo. Sasa ni lami, mkeka kabisa. Ndiyo maana watu wanapitiliza mwendo wakasahau wanakwenda kuingia majini. Barabara inaishia kwenye pantoni. Hakuna nyingine.

Kupanda pantoni: abiria wote wanashuka, dereva anabaki peke yake. Noah iko chini, karibu na ardhi. Ukiona mlango wa pantoni umeinuka, usiingie wima, ingia mshazari kidogo na umfuate yule kijana anayekuelekeza kwa mkono. Ukishasimama, vuta hendibreki, weka gia, na ushuke na wewe. Usikae ndani ya gari ukichezea simu.

---

Mjukuu wa Bukindo

Karibuni sana nyumbani. Nimefurahi kuona mtu anauliza habari za Ukerewe bila kuishia kwenye machungwa na sato, ingawa machungwa mwezi wa sita mtakula mpaka mchoke.

Nikurekebishe sehemu mbili. Siku ya tatu umeibana. Bugolora iko kaskazini na Rubya iko upande mwingine kabisa. Kwenye ramani unaona karibu, lakini ni barabara ya udongo, na baada ya mvua hata karibu panakuwa mbali. Mwezi wa sita kumekauka, Noah inapita ukiwa mpole, ila vumbi na makorongo yaliyoachwa na masika utavikuta. Mpe Rubya siku yake. Ule msitu wa kupandwa ukitoka ndani yake ghafla unakuta mchanga mweupe na ziwa halina mwisho. Ukifika pale saa kumi na moja jioni na pantoni liko kichwani, huoni kitu. Kwa hiyo ongeza siku ya tano, au uiache Bugolora.

La pili ni Bukindo. Usiingie pale kama unaingia bustani. Ndiko lilipo jumba la kichifu, la ukoo wa Abasilanga uliotawala kisiwa hiki mpaka utawala wa machifu ulipofutwa baada ya uhuru. Anza kwa viongozi wa kijiji au wazee wa jirani, salimia, jieleze, mama yako aseme yeye ni wa ukoo gani. Hapo utapata mtu wa kukutembeza na kukusimulia. Muulize habari za Omukama (chifu) Lukonge. Mwaka 1875 Stanley alikuwa amepiga kambi Kageye, ng'ambo ya Ghuba ya Speke, na hakuwa na vyombo vya kuvushia watu wake kwenda Buganda. Ikabidi aje huku kumwomba Lukonge mitumbwi. Shuleni tulifundishwa Stanley alilizunguka ziwa. Hatukufundishwa mitumbwi alikopeshwa na nani. Watoto wako waisikie hiyo wakiwa wamesimama Bukindo.

Ukitoka hapo omba uoneshwe Handebezyo. Mpande taratibu na mama. Juu pale upepo ni mzuri na visiwa vinaonekana vimetapakaa.

Chakula: Nansio samaki hawana shida. Ukifika kwa ndugu omba ugali wa muhogo na furu wa kukaushwa. Mihogo kwetu imepigwa sana na magonjwa ya batobato na michirizi kahawia, kwa hiyo mtu akikupikia ugali wa muhogo wa shambani kwake, ujue amekuheshimu.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kaka, nina neno kuhusu watoto na maji. Kichocho kipo pwani yote ya ziwa hili, na visiwani kipo sana. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yenye majani na matete. Mwalo ambao watu wanafulia na watoto wanachezea ndio wenyewe. Ufukwe wa mchanga wenye mawimbi una hatari ndogo zaidi, lakini usidanganyike kwamba hauna kabisa. Mimi wanangu nawaoshea maji ya ndoo.

Wakiingia ziwani hata mara moja, usisubiri mtoto akojoe damu. Kichocho cha huku kwetu kinakaa zaidi tumboni, kinakula ini polepole. Subiri kama wiki sita au nane, wapeleke kupima. Dawa yake ipo, na inafanya kazi. Na kabla ya kuingia maji yoyote waulize wavuvi kuhusu mamba. Wao wanajua wiki hii yuko wapi.

Vyandarua beba vyako. Na msishtuke mkiona kama moshi mweusi umesimama juu ya ziwa. Ni wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kwa mamilioni. Hawaumi, lakini funga vioo, wakiingia garini utawafagia wiki nzima.

---

Mwana wa Bwisya

Mkuu, umeandika Bugolora. Sijui kama mnapanga kuvuka kwenda kisiwa cha Ukara au mnaishia Bugolora kuangalia tu.

Mimi ni wa Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 pantoni letu, MV Nyerere, ilitoka Bugolora siku ya soko, imejaa watu na mizigo. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni 228. Ilipinduka ikiwa inakaribia Bwisya, huku kwetu Ukara. Watu walikuwa nchi kavu wanaiona. Nawajua watu waliokuwa wamesimama pale wakisubiri unga na sukari, wakaingia majini na mitumbwi kuvuta maiti za ndugu zao. Makaburi yapo Bwisya, na mnara upo.

Siandiki haya kukuzuia. Naandika ili mkija mpite pale msimame dakika chache, na ili ujue kwa nini mtu wa kwetu akiona chombo kimejaa anashuka bila kujadiliana na mtu. Fanya hivyo na wewe. Kama watu wamezidi, ngoja cha pili. Kama hakuna cha pili, lala. Hakuna aliyewahi kufa kwa kulala Bugolora.

Na Ukara yenyewe ina mengi. Watu wengi wanakuja kwa ajili ya lile jiwe linalocheza. Lioneni, lakini muangalie na mashamba. Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, mawe ndiyo usiseme, na wazee wetu walijifunza zamani sana kulisha ardhi. Ng'ombe hatembei ovyo. Anafungwa ndani ya nyumba kwenye shimo, analetewa majani, na samadi yake inabebwa kichwani mpaka shambani. Miteremko imejengewa kingo za mawe. Wataalamu wa kilimo wamekuwa wakija kutuandika tangu enzi za mkoloni. Bibi yangu alikuwa anajua kila mti ni wa nani.

---

Mkazi wa Nyakato

Pole sana ndugu yangu wa Bwisya. Nimemsomea mama ulichoandika. Alikaa kimya, kisha akasema nipeleke salamu zake na zako makaburini.

Nimebadilisha hivi. Zinakuwa siku tano. Siku ya tatu mama, mke wangu na wadogo wawili wanabaki Murutunguru kwa ndugu, wanamenya mihogo na kupiga hadithi. Mimi na kijana wangu mkubwa, ana miaka 13, tunakwenda Bugolora, tunaacha gari, tunavuka Ukara kwa pantoni lile jipya lililokuja baada ya MV Nyerere, tunazunguka kwa boda, tunarudi jioni. Siku ya nne ni Rubya, peke yake. Siku ya tano asubuhi Rugezi.

Dereva wa Lake Zone, wabeja sana. Nesi, ndoo nimenunua.

---

Mkazi wa Nyakato (mrejesho)

Wakuu, tumerudi juzi salama. Niliahidi mrejesho.

Kwenda tuliondoka saa kumi na moja na robo alfajiri. Pundamilia tuliwaona, wachache, mbali kidogo upande wa kulia baada ya Ndabaka, na binti yangu mdogo bado anahesabu kila siku idadi tofauti. Bunda tulijaza mafuta, tukanywa chai, nikakataa kukaa zaidi ya dakika ishirini.

Kisorya mama alishuka garini, akashika bega la mjukuu, akaingia pantoni kwa miguu yake. Mimi nikiwa kwenye usukani nikafanya kama mlivyonielekeza, mshazari. Bado chini ilikwaruza, sauti mbaya, yule kijana akanyoosha kiganja nisimame, akaomba abiria wawili wakae juu ya mlango upungue kuinuka, akaniita kwa vidole viwili polepole. Ilipita. Mama alisimama ukutani muda wote wa kuvuka, hakutaka kiti. Katikati ya mlango bahari ule akaniuliza upepo unatoka wapi. Nikamwambia sijui. Akalowesha kidole akakiinua, akasema kusini, tutafika vizuri.

Bukindo tulifanya kama Mjukuu alivyosema. Mzee tuliyeelekezwa kwake alimuuliza mama jina la babu yake, mama akataja, wakaanza kuongea Kikerewe ambacho mimi nilielewa nusu. Ilichukua saa nzima kabla hatujaonyeshwa kitu chochote, na ilikuwa saa nzuri kuliko yoyote ya safari. Kijana wangu ndiye aliyeuliza habari za Lukonge na mitumbwi. Handebezyo mama alipanda mpaka karibu na mwisho, akakaa kwenye jiwe, akatuambia tuendelee.

Pancha tulipata njiani kwenda Bugolora. Hapa nataka kila mwenye gari dogo asome. Spea ninayo, jeki ninayo, ila ardhi pale ni mchanga. Kila nikizungusha jeki gari halipandi, jeki ndiyo inazama. Nilihangaika robo saa. Akapita kijana wa boda, akaangalia, akaondoka bila kusema kitu, nikajua ameniacha. Akarudi amebeba kipande cha ubao wa mtumbwi chakavu, kipana kama kiganja na nusu, bado kina lami ya kuzibia nyufa. Akakiweka chini ya jeki. Gari likapanda mara ya kwanza. Alikataa hela, akakubali soda. Sasa ubao ninao nyuma ya gari na hautoki. Bebeni ubao.

Ukara tulivuka. Pantoni halikuwa limejaa, niliangalia maboya ya kujiokolea yako wapi, nikamuonyesha kijana. Bwisya tulisimama makaburini. Nilifikisha salamu za mama na za kwako, Mwana wa Bwisya. Kijana alisoma mnara mpaka chini, hakuuliza swali mpaka usiku, na usiku aliuliza mengi. Jiwe tuliliona. Ng'ombe wa shimoni pia tuliwaona, kwa hisani ya mama mmoja aliyetukaribisha mpaka ndani. Alituonyesha jinsi sakafu ya shimo inavyopanda kidogo kidogo kwa samadi mpaka msimu wa kuitoa.

Rubya sitaiandika sana. Tulikaa kutwa nzima. Watoto walicheza kwenye mchanga na ndoo zao. Mama alivua viatu akatembea kwenye maji ya kifundo peke yake, na Nesi, najua utanisema, atapimwa wiki ya saba.

---

Kunguru wa Kirumba

Hongera mkuu, umenifanya nitamani. Swali moja tu la mtu anayetaka kufuata nyayo: kurudi, Rugezi mlifika saa ngapi na mlisubiri muda gani? Na mama atakubali kurudi tena?

---

Mkazi wa Nyakato

Tulifika Rugezi saa tatu na nusu asubuhi, magari saba mbele yetu na fuso mbili za machungwa. Tulivuka saa nne na dakika kumi. Siku za gulio fika mapema zaidi, ndivyo walivyotuambia pale.

Mama hakurudi na sisi. Amebaki Murutunguru mpaka shule zifungwe tena mwezi wa kumi na mbili. Nitakwenda kumchukua, na mvua zitakuwa zimeanza, kwa hiyo Dereva wa Lake Zone na Mjukuu wa Bukindo nitawasumbua tena: kile kipande cha Murutunguru mvua ikinyesha, Noah inapita au niazime gari la juu?